Mawe Meupe Juu ya Bomba

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, jua limekwisha kuipita minazi, nami nimesimama ndani ya shimo linalonifika kifuani, mtaimbo mkononi, na mtaimbo huo umetoka kulia mlio ambao jiwe halilii. Jiwe ukilipiga hujibu ko. Hiki kilichokuwa chini kilijibu ngeee, na mikono yangu ikafa ganzi mpaka mabegani. Nilichokifanya baada ya mlio ule nitakueleza, maana aibu yenyewe ni yangu na nimeibeba miaka mingi kuliko umri wa baba yako. Lakini kwanza niache niseme la juzi, kwa sababu nimekasirika, na mzee akikasirika asiposema huvimba.

Juzi nimepita kule vijana wetu wanakojenga, panapopita bomba la gesi. Nikakuta nguzo ya manjano, ile ya kuonyesha kwamba bomba liko hapa, imeng'olewa na kusimikwa uani kwa mtu, imefungwa kamba, inaanikiwa nguo. Nguo za ndani, mwanangu! Na pale ilipotolewa, kijana mmoja amejifunga shati kiunoni anachimba shimo la choo kwa sururu. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, hii nguzo unajua ilikuwa ya nini?"

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Shikamoo babu. Ya bomba hiyo. Lakini liko mbali huko chini, halina neno."

Halina neno! Sikumwitikia marahaba. Tangu nizaliwe sijawahi kuacha salamu ya mtoto ikaanguka chini, lakini siku ile niliiacha ianguke. Nikamwambia atoke shimoni. Akacheka. Nikamwambia tena, nikainua bakora, na wenzake wakasema, "Mwacheni babu, ni uzee." Basi kwa hasira hiyo nimemwita mjukuu wangu mwenye mwandiko mzuri aandike haya ninayosema, maana mimi shule yangu ni chuo cha Kurani tu, alif na be, na kuandika herufi za siku hizi najua jina langu peke yake.

Sasa turudi shimoni.

Kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Dunda mjini ukifuata pwani kwenda kaskazini. Tulikuwa watu wa chokaa. Tunachimba jiwe la matumbawe ardhini, tunalipanga juu ya magogo, tunalichoma mpaka linalegea, likinyunyiziwa maji linakuwa unga mweupe wa kujengea. Nyumba za kale unazozipiga picha pale mjini, kuta zake zimeshikwa na jasho la watu kama sisi. Na mtu wa chokaa ana maradhi yake: kila jiwe analoliona, machoni pake limekwisha kuchomwa. Mjomba wangu, Fundi Mbwana, akienda kuzika alikuwa anayatazama mawe ya makaburini kwa namna ambayo Mungu amsamehe.

Enzi hizo ni za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Jirani yetu kulikuwa na shamba kubwa la mkonge la Wazungu. Petroli ya malori yao na mitambo yao ililetwa kwa chombo mpaka ufukweni, na kutoka ufukweni wakalaza bomba la chuma ardhini, likipita kando ya kijiji chetu kwenda kwenye tangi lao kilimani. Kina walichokifukia hakikupita kifua cha mtu mzima. Na hapo pia nina hasira yangu, nisije nikaonekana nawagombeza watoto wa maskini peke yao. Walisimika kibao cha onyo kwa herufi za Kizungu, kwa Kizungu, katikati ya watu ambao kusoma kwao kote ni kwa herufi za Kiarabu. Kibao kile tulikiheshimu sana. Tulikuwa tunafungia mbuzi.

Bomba lenyewe halikuwa na kitu kila siku. Chombo kikija, pampu inawashwa ufukweni, petroli inasukumwa kupanda kilimani. Chombo kikiondoka, bomba linabaki kimya, na wiki nyingi ungesema limekufa. Lilikuwa na mlinzi mmoja, Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyeoa kwetu na kuzeeka kwetu. Kila asubuhi alilifuata bomba toka ufukweni mpaka kwenye tangi, fimbo mkono mmoja, kopo la chokaa mkono mwingine, akipaka upya mawe meupe yaliyopangwa juu yake, kila hatua kumi jiwe moja. Na chokaa ya kupakia alikuja kuiomba kwetu.

Wewe uliyezaliwa jana hujui utani, hebu nikuambie. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani anaingia kwako, anamkamata kuku wako, anaondoka naye, na wewe unacheka. Ukifiwa, anashuka ndani ya kaburi, anajilaza humo, anasema hatoki mpaka apewe chochote. Anakutukana wewe na mababu zako na sharti ni moja tu, asikasirike mtu. Ni jambo jema, liliwafanya wageni kuwa ndugu, silitii ila. Lakini lina ubaya wake mmoja: mtani akikuambia kweli, unaisikia kwa sikio la kuchekea.

Mzee Maganga alikuwa anapita, anasimama juu ya shimo letu, mimi na binamu yangu Sefu tuko chini. "Enyi wala papa! Mnachimba mnakaribia bomba. Mtaungua kama nzige, nami nitarithi kanzu zenu."

Sefu anajibu, "Kanzu zetu zitakuvaa wewe au utazivaa? Tumbo lote hilo!"

"Tumbo hili limejaa kuku wa mama yako."

Tunacheka, naye anacheka, anaondoka. Onyo limetolewa, onyo limechekwa, limeisha. Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha.

Na yale mawe yake meupe? Yalikuwa matumbawe matupu, makavu, mazito, yamechongwa tayari. Nani angechimba kutwa nzima na jiwe zuri namna ile limekaa juu ya ardhi? Tulichukua moja. Tukaona mbingu hazikuanguka, tukachukua mawili. Mwisho wa mwezi hatua mia nzima hazikuwa na jiwe, na mawe yote yamo kwenye tanuri letu. Yaani mzee alikuwa anachukua chokaa kwetu apake mawe, na sisi tunachukua mawe yake tufanye chokaa. Tuliona huo ndio utani mtamu kuliko wote duniani.

Siku moja akaja, hakutukana. Akasema, "Watani, mawe yangu yanatembea."

Nikamjibu mimi, "Yamekwenda Lugoba kukuposea mke wa pili, huyu wa kwanza amekuchoka."

Alicheka kidogo, akaacha. "Kondo," akaniita kwa jina langu, "mawe yale ni macho. Mimi nimepewa kuyapaka tu, lakini macho ni yenu. Sasa na mimi mwenyewe sehemu hiyo sijui tena bomba limepita wapi."

Hapo ndipo tulipocheka zaidi, mpaka Sefu akaketi chini. Kwa kuwa alisema bila tusi, tuliona ni mzaha mpya aliouleta kutoka kwao.

Basi ile Jumanne nilikuwa peke yangu, Sefu amekwenda kuleta magogo. Baada ya ule mlio nilipiga magoti nikafukua kwa vidole. Nikaona chuma. Pana kovu jeupe pale mtaimbo ulipopiga, na katikati ya kovu ufa mwembamba kama unywele. Tone moja likajikusanya, likaanguka. Likaja lingine. Harufu ikanipanda puani.

Mwanangu, njia niliijua. Kutoka pale mpaka kwa Mzee Maganga ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Ningekwenda nikamwambia, mtani, nimelitoboa bomba lako. Lakini tanuri lile, mjomba alikuwa amesema mbele ya watu, ndilo litakalonipa jina la fundi. Mimi ndiye niliyechagua mahali, mimi niliyelipanga, hatua nne tu kutoka shimoni, kwa uvivu wa kubeba mawe mbali. Miezi mitatu ya kazi. Nikisema, tanuri litavunjwa, na mambo ya mawe meupe yatafumuka, na mimi nitaitwa Kondo mwizi wa mawe badala ya Fundi Kondo. Nikakanda udongo wa mfinyanzi, nikaubandika juu ya ule ufa kama mtu anayebandika dawa ya kienyeji. Nikafukia kwa mchanga. Nikakanyaga. Sefu aliporudi akauliza harufu hiyo ya nini, nikamwambia ni lori la mkonge limepita. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, na haikunisaidia kitu, kwa sababu methali haikukamati mkono.

Siku kama tisa zikapita. Ikafika siku ya kuwasha.

Kuwasha tanuri kwetu kulikuwa kama harusi. Wanawake wanakuja na vigoma, uji wa mchele umepikwa, ubani unafukizwa, inasomwa fatiha, kisha mtu wa ukoo anachukua makaa katika kigae, anayamimina kwenye tundu la katikati, na vigelegele vinapaa. Mama yangu alikuwepo, amevaa kanga mpya. Dada zangu walikuwepo. Wajawazito walikuwepo. Kijiji kizima kimelizunguka tanuri la Fundi Kondo.

Na toka jana yake chombo cha mafuta kilikuwa kimefika. Pampu inanguruma ufukweni, petroli inasukumwa.

Harufu ilikuwepo, kila mtu aliisikia. Wakasema ni ile pampu. Mimi nilikwenda nikachungulia shimoni. Chini mchanga ulikuwa umelowa, unameremeta rangirangi kama shingo ya njiwa. Nikarudi. Nikasimama penye nafasi yangu ya heshima, karibu na mjomba, kanzu yangu imepigwa pasi. Sikusema. Ninakuambia hivi bila kujipamba: nilimwona mama yangu, nililiona shimo, na sikusema. Nilijiambia petroli iko chini, moto utakuwa juu, Mungu mkubwa. Ujinga mtupu! Sikujua kwamba petroli haikai pale unapoiona, hutoa moshi wake usioonekana, unatambaa chini chini kutafuta moto.

Sefu akaja na kigae cha makaa. Hapo tukamsikia Mzee Maganga. Anakimbia, mtu wa umri ule, kilemba kimemfunguka.

"Msiwashe! Msiwashe, mtakufa! Petroli haifiki yote kilimani, imo shimoni mwenu!"

Watu wakaangua kicheko. Mtani amekuja kuizuia shughuli, ndivyo watani wafanyavyo, bila shaka anataka chake. Shangazi mmoja akamwambia, "Leo umechelewa, mtani, tulidhani umekufa tupumzike!" Mwingine akamshika kuku miguuni akamnyoshea. Mjomba akasema huku anacheka, "Mpeni huyo kuku anyamaze. Sefu, haya, bismillahi."

"Sitaki kuku! Leo sitanii! Wallahi sitanii!"

Wakacheka mpaka machozi. Kiapo nacho walikiona ni sehemu ya mchezo. Yule mzee akageuka, akatutazama mmoja mmoja, akitafuta sura moja isiyocheka. Akaikuta yangu. Alijua. Nami nilijua kwamba amejua. Watu wote wale, na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kusema "anasema kweli" na kuaminiwa, na mtu huyo alikuwa ametazama chini, anahesabu vidole vya miguu yake.

Alipoona sisemi, alimrukia Sefu. Akampokonya kigae kwa mikono mitupu, makaa yanawaka, akakikumbatia kifuani, akakimbia nacho kuelekea upepo unakotoka, mbali na tanuri. Watu sasa wakakasirika, mtani amevuka mpaka. Alikuwa amefika kama hatua ishirini kaa moja likamponyoka. Lilianguka nyuma yake, upande wa shimo.

Sikuona moto ukiwaka. Niliuona umekwisha kuwaka. Ulipita ardhini kama kitambaa cha buluu kinachovutwa, ukaingia shimoni, na shimo likatapika. Mlio ule sitaki kuuelezea. Tanuri langu la miezi mitatu liliinama, mawe yakaruka. Wanawake walikuwa upande wa pili, ndiyo rehema ya Mungu, wakaanguka, wakainuka, wakakimbia wakiburura watoto. Hakufa mtu. Hakufa mtu kwa sababu kaa lile lilianguka pale na halikuingia kwenye tundu la tanuri, tukiwa tumesimama wote tumelizunguka tunapiga vigelegele.

Mzee Maganga alikuwa chini, mgongo unafuka moshi, mikono haitazamiki.

Na unajua mjomba alifanya nini? Alikwenda na fimbo. "Umetuchomea tanuri! Mtani gani wewe? Umetuua!" Wanaume wengine nyuma yake. Walimwona amepokonya moto, walimwona ameuangusha, basi kosa limepata mwenyewe. Fimbo ikainuliwa juu ya mzee aliyeungua kwa ajili yao.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikamlalia Mzee Maganga, nikapiga ukelele, "Ni mimi! Bomba nimelitoboa mimi! Siku tisa! Nililifukia!" Fimbo iliyokuwa yake niliipata mimi, na haikuwa moja, na zote nilistahili.

Tulimpeleka hospitali ya mjini juu ya kitanda cha kamba, tukipokezana. Mimi nilikataa kupokewa. Njiani, karibu na kufika, akaniita. Nilitegemea atanitukana, na wallahi nilitamani anitukane. Akasema polepole, "Kondo. Kulitoboa ni bahati mbaya. Hata mimi mwenye bomba ningeweza kulitoboa. Lakini kulifukia? Hiyo uliketi ukaifikiri."

Alipona, ila vidole vya mkono wa kulia viligandamana, kopo la chokaa hakuweza kulishika tena. Wenye shamba wakamwachisha kazi, eti mawe yamepoteaje naye ni mlinzi. Mimi nilikwenda mwenyewe kwa nyapara nikaeleza niliyoyafanya. Nikafungwa miezi mitatu, na mzee hakurudishiwa kazi. Mpaka leo nikilikumbuka hilo damu inanichemka. Mtu amewaokoa watu wa kijiji kizima, na malipo yake ni kuulizwa mawe!

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Shangazi zangu aliwatania, Sefu alimtania, hata na mjomba walirudiana, kuku wakaibwa kama kawaida. Mimi tu. Nikimwambia, "Mtani, tumbo lako limepungua, nani amekunyima ugali?" ananijibu kwa adabu, "Alhamdulillahi, Bwana Kondo. Nyumbani hawajambo?" Bwana Kondo! Unaelewa uzito wake? Mtani akikuheshimu, amekufukuza. Nilimletea chakula, nilimlimia, nilimjengea ukuta kwa chokaa yangu, akanishukuru kila mara kwa maneno mazuri, na kila neno zuri lilinichoma. Alipofariki, watani walishuka kaburini kufanya mzaha wao kama ilivyo mila. Mimi nilisimama juu na koleo. Sikuwa na haki ya kushuka.

Basi wewe unayechimba leo, sikiliza, na ukasirike ukitaka, mimi nimekwisha kukasirika kabla yako. Bomba lako si la petroli. Petroli ilikuwa na adabu, ilitoa harufu na ikakulowanisha mkono. Gesi huioni, haikuloweshi, na pengine hata harufu hakuna. Kabla hujainua sururu, nenda kwa serikali ya mtaa, waulize wenye bomba, uwasubiri waje wakuonyeshe limepita wapi, hata kama fundi wako anakunung'unikia kwamba siku inapotea. Usichimbe kwa kukisia, wala usimwamini jirani anayesema liko mbali chini, maana yeye hakulilaza. Ukiruhusiwa kuchimba karibu nalo, weka mtaimbo kando, na lile tingatinga la kukodi lirudi lilikotoka. Fukua taratibu kwa koleo, huku wenyewe wamesimama wanatazama. Juu ya njia yake usijenge, usichome taka, usichome mkaa. Na nguzo za manjano ziache zilipo. Hizo ni macho yako, na mtu hayang'oi macho yake akaanikia nguo.

Na ukiligusa, mwanangu, ukilikwaruza tu, hata kama hujaona ufa, hata kama unajiona mwizi, hata kama jina lako la ufundi liko njiani linakuja, usilifukie. Hilo ndilo nimezeeka nalo. Usibandike udongo, usibandike mpira, usijitie kuziba. Tupa sururu hapohapo. Usiwashe sigara, usiwashe pikipiki, simu usiiguse mpaka ufike mbali. Ondoa watu wote, mwende upande upepo unakotoka, kisha uwapigie wenyewe na useme kwa kinywa chako, nimeligusa mimi. Watakugombeza. Gombezo huisha. Na mtu akija anakimbia anasema msiwashe, hata kama ni mlevi, hata kama ni mtani wako, hata kama jana alikudanganya, zima kwanza. Kama ni mzaha, mtacheka baadaye mkiwa hai.

Yule kijana wa choo nitakwenda kwake tena kesho asubuhi. Nitakwenda na mwenyekiti wa mtaa na bakora yangu, na nitamwitikia ile marahaba niliyomnyima, maana salamu ya mtoto ni deni. Kisha nitaketi kwenye ukingo wa shimo lake, nami sitaondoka mpaka atoke.

Mungu akupe mikono yenye kazi, mwanangu, na akupe ulimi mwepesi siku ya kukosea. Akujaalie ujenge, ulale ndani ya ulichokijenga na wanao wakuzunguke, na akuepushe na kosa lililofukiwa kwa miguu yako mwenyewe. Sema amin.